Tacitus ananishinda, na rafiki yangu anasema namsomea mkoloni

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari mkoani Iringa, nina miaka 34, mke na watoto wawili. Kilatini nilikipata seminari ndogo. Upadri sikuendelea nao, lakini lugha ile haikunitoka. Tulianza na sala na zaburi, tukaingia kwenye Injili za Vulgata, Biblia ya Kilatini, na tulipofika vidato vya juu padre mmoja mzee akatusomesha Kaisari na vita vyake vya Galia. Nilifika mahali nikawa nasoma ukurasa mzima wa Kaisari bila kufungua kamusi.

Mwaka huu nimeamua kukirudia Kilatini changu. Nimechagua kazi fupi za Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi: Agricola (maisha ya mkwewe, jemadari na gavana wa Britania), Germania na Dialogus de oratoribus. Kwanza nilivutwa na ufupi wake, maana Annales na Historiae ni ndefu na muda wangu mimi ni usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Lakini zaidi nilivutwa na hotuba ya Calgacus, kiongozi wa Wakaledonia wa Uskoti ya leo, ambayo nilikutana nayo katika tafsiri: kwamba Warumi hupora, huchinja na hunyang'anya, kisha huyabandika hayo jina la utawala, na wakishaifanya nchi kuwa ukiwa, huiita amani. Mwalimu, mimi kila mwaka nafundisha habari za Mkwawa, mapigano ya Lugalo ya mwaka 1891, kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwaka 1894, na mashamba na vijiji vilivyochomwa baada ya hapo. Nilipoyasoma maneno ya Calgacus niliona nimepata mtu aliyeisema historia yetu kabla haijatokea. Nikaahidi moyoni kwamba nitakisoma kitabu chote kwa Kilatini chenyewe, na Mungu akijalia nikitie katika Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wangu.

Sasa nimekwama. Nilianza sura ya kwanza ya Agricola kama mtu anavyoanza kitabu, na mpaka leo sijavuka vizuri sura ya tatu. Maneno nayajua, sentensi siielewi. Kitenzi nakitafuta bila kukiona. Nikidhani nimeshika kiima, nakuta kinaning'inia peke yake. Sentensi moja inanila jioni nzima, na kesho yake nikirudi nakuta nilichokiandika pembeni hakina maana. Kaisari hakuwahi kunifanyia hivi.

Jambo la pili ndilo lililonikata maini. Nina rafiki tuliyesoma naye seminari, sasa ni wakili Dar es Salaam, na Kilatini chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nilimpigia simu nikamsomea hotuba ya Calgacus. Akaniambia: "Ndugu yangu, hayo maneno aliyatunga Mrumi. Tena mkwe wa yule jemadari aliyewaua hao watu. Calgacus hakuyasema. Unawasomea vijana wa Kihehe maneno ya mkoloni ukidhani ni ya aliyetawaliwa." Nilikosa jibu. Tangu siku hiyo nikifungua kitabu naona tu sifa za gavana aliyeteka nchi za watu, zilizoandikwa na mtu aliyeoa binti yake.

Na hapa shuleni wenzangu wananiuliza Kilatini cha nini wakati huu. Hao siwajali sana. Ila mke wangu naye aliniuliza kwa upole tu ninachotafuta humo usiku wote, na yeye nilitaka kumjibu, nikashindwa.

Mwalimu, naomba unieleze. Nirudi kwa Kaisari? Nisome tafsiri ya Kiingereza nimalize mambo? Nimwache kabisa Tacitus? Au kuna njia ya kumsoma ambayo sikufundishwa? Na je, mtu kama huyu anastahili kutiwa katika Kiswahili ili wanafunzi wa Iringa wamsome?

Mwalimu wa Historia, Iringa

MWALIMU ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole na kazi. Usimwache Tacitus. Usirudi kwa Kaisari pia. Huko umeshapita, na Kaisari hatakufundisha kumsoma huyu, kwa sababu Kaisari anataka umfuate bila kusimama na Tacitus anataka usimame.

Nianze na kukwama kwako, maana hilo lina dawa ya haraka. Umeingilia mlango mgumu kuliko yote. Sura tatu za mwanzo za Agricola ni dibaji, na ndani yake mwandishi amebana miaka 15 ya utawala wa mfalme Domitianus wa Roma, kutoka mwaka 81 hadi 96, katika aya chache: watu waliouawa kwa sababu ya vitabu walivyoandika, vitabu vyenyewe kuchomwa moto hadharani, baraza la wakuu kunyamazishwa, na aibu ya waliobaki hai. Hakuna tukio linalosimuliwa pale kwa utaratibu. Kuna mawazo tu, tena ya mtu aliyejizoeza miaka mingi kutosema. Msomaji anayetoka kwa Kaisari hawezi kuanzia hapo bila kuumia.

Anzia sura ya 4. Inaanza hivi: Gnaeus Iulius Agricola, vetere et inlustri Foroiuliensium colonia ortus. Jina la mtu, mji aliozaliwa, babu zake wawili, baba yake aliyeuawa na mfalme Caligula kwa kukataa kumshtaki mtu, mama yake, shule aliyosoma Massilia. Hiyo utaisoma. Endelea mpaka sura ya 9, ambapo Agricola anamposesha binti yake kwa kijana anayeitwa "mimi", naye ni Tacitus mwenyewe. Kisha ruka. Sura ya 10 hadi ya 17 zinaeleza kisiwa cha Britania na magavana waliotangulia. Ni nzuri, lakini zitakupotezea mwendo. Ingia sura ya 18, fuata vita mwaka kwa mwaka hadi ya 38, halafu maliza na kifo cha Agricola mpaka ya 46, ambayo ndiyo ya mwisho. Ukishafika huko, rudi kwenye dibaji. Utashangaa, kwa kuwa utakuwa umeshajua anayeongea ni nani na kwa nini anaongea kwa kujizuia hivyo.

Sasa sentensi zenyewe. Nitakupa mambo matatu; hayo yakikaa, mengine yatajipanga.

La kwanza, Tacitus huacha kitenzi cha "kuwa" kila anapoona msomaji anaweza kukijaza. Soma katika sura ya 38, siku ya pili baada ya vita vikubwa: vastum ubique silentium, secreti colles, fumantia procul tecta. Kimya kikubwa kila upande, vilima vitupu, mapaa yanayofuka moshi kwa mbali. Ukitafuta kitenzi hapo utakesha. Chukua penseli, andika est au sunt juu ya mstari, usonge mbele. Nawe ni Mswahili, jambo hili hukuanza kujifunza leo. Tunasema "dunia tambara bovu", tunasema "mapenzi kikohozi", na hakuna anayeuliza kitenzi kimekwenda wapi.

La pili, katika simulizi la haraka hutumia kitenzijina mahali ambapo ulizoea kitenzi chenye nafsi na wakati. Katika sura hiyohiyo anawaeleza Wabritania waliotawanyika usiku, wanaume na wanawake wakilia pamoja: trahere vulneratos, vocare integros, deserere domos. Huko seminari tulizoezwa kumtafuta mtendaji na wakati kwanza, ndipo tutafsiri. Hapa viache vitenzi vije kimoja baada ya kingine, kama sisi tunavyosema "walikimbia, na kuwaburuta majeruhi, na kuwaita wazima, na kuzihama nyumba". Wakati umeshasemwa mwanzoni. Kilichobaki ni kitendo juu ya kitendo. Kiswahili kinaubeba mtindo huu vizuri kuliko lugha nyingi za Ulaya, na wewe unayetaka kutafsiri unapaswa kujua kwamba una chombo kizuri mkononi.

La tatu ndilo linalowachosha wengi. Cicero, yule msemaji mashuhuri wa Roma, akianza sentensi kwa umbo fulani, anaimaliza kwa umbo lilelile. Tacitus huvunja umbo kwa makusudi. Tazama mwanzo wa Germania: anasema nchi ile imetenganishwa na Wasarmatia na Wadakia mutuo metu aut montibus, kwa hofu ya pande mbili au kwa milima. Hofu imekaa sambamba na milima, kana kwamba zote mbili unaweza kuzichora kwenye ramani. Mtu anayesoma kwa haraka hapo huona orodha ya mipaka. Anayesoma polepole huona kwamba mwandishi ameshamwambia jambo zito kuhusu mataifa yanayopakana, na amelisema kwa maneno mawili. Kila utakapokuta sentensi imepinda mahali ulipotarajia inyooke, jua kuna kitu amekificha hapo. Usiinyooshe mpaka ukione.

Kuhusu tafsiri: itumie, ila baada. Soma sura kwa sauti mara moja bila kamusi, hata kama unaelewa nusu. Rudia na kamusi. Ile ya Lewis na Short inapatikana bure na inaingia kwenye simu. Andika Kiswahili chako, kibaya hivyohivyo. Ndipo ufungue tafsiri ya Kiingereza uone umepotea wapi. Ukianza na tafsiri, jicho litakuwa linatafuta katika Kilatini kile ulichokwisha kukisoma katika Kiingereza, na yale yaliyofichwa kwenye ufupi yatakupita yote. Fafanuzi za zamani za Furneaux juu ya Agricola na Germania, zilizotoka miaka ya 1890, zinapatikana bure pia na bado zinafaa kwa sarufi. Matini unayosoma nayo iangalie. Nyingine zinazosambaa zimenakiliwa kutoka machapisho ya kale sana. Ukikuta jina la Calgacus limeandikwa Galgacus, au Mons Graupius, mlima wa vita vile vikubwa, umekuwa Grampius, ujue una matini ya zamani. Hilo la pili lilikuwa kosa la chapa ya karne ya 15, na kosa hilo ndilo lililoipa jina safu ya milima ya Grampian kule Uskoti, ambayo inaitwa hivyo mpaka leo. Ukiweza kupata matini ya Oxford ya mwaka 1975, iliyohaririwa na Winterbottom na Ogilvie, ina kazi zote tatu katika juzuu moja.

Sasa nimfikie rafiki yako wakili.

Aliyokuambia ni kweli. Calgacus hatajwi na mwandishi mwingine yeyote wa kale ila Tacitus. Tacitus hakuwapo vitani. Hata Agricola mwenyewe asingeweza kusikia, kutoka upande wa pili wa uwanja, kiongozi wa adui akiwahutubia watu wake kwa lugha asiyoijua. Wanahistoria wa Kirumi na wa Kigiriki walikuwa na desturi ya kuwatungia wahusika hotuba, na wasomaji wao walijua.

Tena tunajua Tacitus alivyofanya kazi hiyo, kwa sababu kuna mahali tunaweza kumpima. Mwaka 48 mfalme Claudius alihutubia baraza la wakuu akitaka viongozi wa Galia waruhusiwe kuingia humo. Hotuba yake ilichongwa kwenye bamba la shaba, na vipande vyake vikapatikana Lyon mwaka 1528. Tacitus naye ameiweka hotuba hiyo katika kitabu cha 11 cha Annales. Ukizilinganisha, unaona Claudius wa kwenye shaba anazunguka, anaacha hoja na kuirudia, anajionyesha usomi wake. Tacitus amekata, amepanga upya, amebadili karibu maneno yote, ila kiini cha hoja amekihifadhi. Kwa Calgacus hatuna shaba ya kupimia. Wanafunzi wako waambie hivyo wazi. Usiwape hotuba ile kama sauti ya mtu wa Kaledonia, kama vile usivyoweza kuwapa maneno ya Mkwawa aliyoyasema asubuhi ya Lugalo yakiwa yameandikwa na ofisa wa Kijerumani.

Lakini rafiki yako ameishia pale ambapo kazi ya kusoma inaanza. Kama maneno ni ya Tacitus, basi aliyesema kwamba Roma hufanya ukiwa na kuuita amani ni Mrumi, mjumbe wa baraza la wakuu, aliyekuwa konsuli, cheo cha juu serikalini, mwaka 97, akiandika mwaka mmoja baadaye katika kitabu cha kumheshimu mkwewe. Nani alimlazimisha? Angeweza kumpa Calgacus hotuba ya kishenzi, ya matusi na majigambo, na wasomaji wake wangeridhika. Alimpa mashtaka makali kuliko yote tuliyonayo dhidi ya Roma katika Kilatini.

Na hakuishia kwenye hotuba. Hapa ndipo nataka usimame, mwanangu, kwa sababu ndipo Kilatini kinapokulipa jasho lako. Calgacus anasema katika sura ya 30: ubi solitudinem faciunt, pacem appellant. Ni adui anayesema, na msomaji wa Kirumi angeweza kujiambia kwamba adui husema lolote. Kisha vita vinapiganwa. Wanauawa Wabritania wapatao 10,000, na upande wa Roma 360. Halafu inakuja siku ya pili, na sasa Tacitus anaongea kwa sauti yake mwenyewe: vastum ubique silentium, secreti colles. Ukiwa uleule alioutabiri Calgacus upo mbele yetu, na anayetuonyesha ni mwandishi. Anaongeza kwamba, kwa habari zilizothibitika, wengine waliwaua wake na watoto wao wenyewe, tamquam misererentur, kana kwamba wanawahurumia. Hakutoa hukumu yoyote. Amekiweka kile kilichosemwa na kile kilichotokea sura nane mbali, akakuachia wewe uviunganishe. Anayesoma dondoo la Calgacus peke yake, kama tunavyolikuta limenukuliwa kila mahali, hajawahi kufika siku ya pili.

Soma na sura ya 35 kwa jicho la mwalimu wa historia. Agricola anapanga jeshi: askari wa miguu 8,000 wa vikosi vya wasaidizi katikati, wapanda farasi 3,000 pembeni, na majeshi ya raia wa Roma nyuma, mbele ya boma. Sababu anaitaja bila haya: utakuwa utukufu mkubwa kushinda bila kumwaga damu ya Kirumi. Na katika sura ya 36 wanasogezwa mbele Wabatavi na Watungri, watu wa nchi ambazo leo ni Uholanzi na Ubelgiji, nao wenyewe walikuwa wametawaliwa. Wewe unayefundisha ni nani waliokuwa katika msafara wa Zelewski, kamanda wa Kijerumani, ulioangamia Lugalo, na kwamba wengi wao walikuwa askari Waafrika waliotolewa mbali, huhitaji nikueleze zaidi kwa nini sura hizo zinafaa darasani kwako.

Kisha kuna sura ya 21, ambayo ningetamani kila mwalimu wa historia Afrika Mashariki aijue. Inaanza kwa sifa: majira ya baridi yaliyofuata yalitumika kwa mipango yenye manufaa makubwa. Agricola anawahimiza Wabritania wajenge mahekalu, masoko na nyumba. Anawasomesha watoto wa machifu elimu ya Kirumi. Waliokuwa wanaikataa lugha ya Kirumi sasa wanataka wawe wasemaji hodari kwayo. Wanavaa toga. Taratibu wanazama kwenye mabaraza ya starehe, mabafu na karamu. Na mwisho: idque apud imperitos humanitas vocabatur, cum pars servitutis esset. Wasiojua wakayaita hayo ustaarabu, kumbe yalikuwa sehemu ya utumwa wao. Sura moja, aya moja, inaanza na manufaa na kuishia utumwani, na sifa ya mwanzo haijafutwa. Waingereza waliofungua shule ya serikali Tabora katika miaka ya 1920, kwa ajili ya watoto wa machifu kwanza, walitoka katika nchi ambako vijana wa shule walikuwa wakisomeshwa Kilatini hiki. Weka sura ya 21 karibu na historia ya Tabora, waache vijana wako wabishane. Humo walisomeshwa watoto wa machifu, na humo alisoma Nyerere aliyewaondoa Waingereza. Nao watakuwa na la kusema.

Kwa hiyo usimsome Tacitus ukitafuta kama yuko upande wetu. Hayuko. Anampenda mkwewe kwelikweli. Sura za mwisho zinaniliza mpaka leo, anapoeleza kwamba yeye na mkewe walikuwa mbali, walikuwa hawajamwona mzee kwa miaka minne, na hawakuwapo kitandani alipokata roho mwaka 93. Sisi tunaojua uzito wa mkwe hatuhitaji fafanuzi pale. Anajivunia ushindi wa Roma. Na katika sura ya 45 anasema jambo ambalo ofisa adimu sana wa dola yoyote amewahi kuliandika: kwamba mikono yetu ndiyo iliyompeleka Helvidius gerezani, na kwamba damu ya Senecio asiye na hatia ilitutapakaa sisi; wote wawili waliuawa chini ya Domitianus. Anasema "sisi". Alikuwa mjumbe wa baraza la wakuu, na chini ya Domitianus huyohuyo alipata cheo cha pretori, hakimu wa ngazi ya juu, mwaka 88. Dola anaijua kutoka ndani, imemlisha, na ameandika gharama yake, ya waliotekwa na ya walioteka. Mwandishi wa namna hiyo anastahili Kiswahili. Na mkeo ukimsomea sura hizo mbili za mwisho kwa tafsiri yako, nadhani hatakuuliza tena unatafuta nini usiku.

Germania iweke ya pili, na uisome kwa tahadhari. Sura 27 za kwanza zinaeleza desturi za Wajerumani kwa jumla. Zilizobaki zinapita kabila kwa kabila, na unaweza kuziacha kwa sasa. Hakuna ushahidi kwamba Tacitus alifika huko. Wanazuoni wengi wanaona alitegemea sana kazi ya Plinius Mkubwa juu ya vita vya Ujerumani, iliyopotea. Katika sura ya 4 anasema Wajerumani ni watu wasiochanganyika na mataifa mengine, wanaofanana na wao wenyewe tu. Sentensi hiyo ilikuja kuchukuliwa na Wanazi kama hati ya damu yao, hata mwaka 1943 watu wa SS, kikosi cha Wanazi, wakapekua nyumba za ukoo wa Balleani huko Italia wakiisaka nakala ya kale ya mkono yenye Agricola na Germania. Hawakuipata. Leo iko katika maktaba ya taifa, Roma. Ukifika sura ya 4 isome pamoja na ya 37, ambapo anakiri kwamba Roma imefanya maandamano ya ushindi juu ya Wajerumani kuliko ilivyowashinda kweli, na ambapo anawakumbusha wenzake Varus, jemadari wa Kirumi aliyeangamia huko na majeshi yake matatu.

Dialogus iwe ya mwisho. Hapo Tacitus anaandika kwa sentensi ndefu za namna ya Cicero, tofauti kabisa na Agricola, hata wapo waliodai zamani kwamba si yake. Ni mazungumzo nyumbani kwa Curiatius Maternus, wakili aliyeacha mahakama ili atunge tamthilia, na swali lao ni kwa nini ufasaha wa mahakamani umeshuka. Kuna pengo katikati, baada ya sura ya 35, kurasa zilipotea. Usidhani kitabu chako kina kasoro. Ukifika huko mpigie simu rafiki yako msome pamoja. Kitabu kinawahusu mawakili, na Kilatini chake, kama unavyosema, kilikuwa kizuri.

Kuhusu kukitia Kiswahili, usianze na kitabu kizima. Anza na sura ya 29 hadi ya 38, kuanzia watu wanapokusanyika kwa vita mpaka siku ya pili yake, na uongeze ya 21. Hizo zinatosha kwa vipindi kadhaa vya kidato cha tano. Tafsiri kutoka Kilatini, si kutoka Kiingereza, na mahali alipofupisha nawe fupisha. Usimfafanulie ndani ya matini, yaweke maelezo chini. Ukimaliza siku ile ya pili, yale mapaa na moshi, niletee niione.